Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu David Larbalestier na utafiti wa nyaya za superkondakta

Larbalestier ni nani?

Ni mtaalamu wa metali aliyekuwa profesa wa uhandisi kwa miongo kadhaa nchini Marekani, akichunguza superkondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani vikipozwa sana. Shahada ya kwanza (1965) na ya uzamivu (1970) alizipata Imperial College, London. Alifanya kazi kwa muda kwenye taasisi ya utafiti ya Battelle, mjini Geneva, kisha Rutherford Laboratory nchini Uingereza, ambako alishughulikia nyaya za awali zenye nyuzi nyingi za Nb3Sn, yaani kiwanja cha niobiamu na bati. Mwaka 1976 alihamia Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, akakaa huko miaka 30. Mwaka 2006 yeye na kundi lake walihamia Tallahassee, Florida, kwenye maabara ya taifa ya sumaku zenye uga mkubwa iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Florida State. Mwaka 2003 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani.

Ukizisoma makala zake kwa mfuatano, utaona kwamba vitu alivyovichunguza vilibadilika mara tano au sita, lakini swali lilibaki lilelile: mkondo wa umeme unakwamia wapi ndani ya waya huu, na ni hatua gani ya utengenezaji iliyoweka kizuizi hicho?

Kwa nini mhandisi? Superkondakta si kazi ya wanafizikia?

Fizikia hueleza kwa nini ukinzani hutoweka. Haikupi waya. Heike Kamerlingh Onnes aliona zebaki ikipoteza ukinzani mjini Leiden mwaka 1911, na muda mfupi baadaye akawa anawaza sumaku ya tesla 10 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku). Haikuwezekana, kwa sababu metali alizokuwa nazo zilipoteza hali hiyo mara tu uga wa sumaku ulipopanda kidogo. Nusu karne ilipita kabla ya John Kunzler na wenzake wa Bell Labs kuonyesha, mwaka 1961, kwamba Nb3Sn hubeba mkondo mkubwa hata ndani ya uga wa tesla 8.8.

Hata hapo bado kulikuwa na safari ndefu. Waya wa sumaku lazima utengenezwe kwa kilomita nyingi bila kukatika, uvumilie kukunjwa, ubebe mkondo uleule mwanzo hadi mwisho, na usiungue hitilafu inapotokea. Hayo yote huamuliwa na kinachotokea tanurini na kwenye mashine ya kuvutia waya. Ndiyo maana mtu wa metali ndiye aliyehitajika.

Kwa nini superkondakta iliyo safi kabisa haifai kwa sumaku?

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa hiyo tuende polepole.

Superkondakta zinazotumika kwenye sumaku ni za aina ya pili. Uga wa sumaku haufukuzwi wote nje. Unapenya ndani kwa mistari myembamba sana, kila mmoja ukibeba kiasi kilekile cha sumaku, yaani weba 2.07 × 10⁻¹⁵, na kila mmoja ukizungukwa na mkondo wake mdogo. Kwenye uga wa tesla 5, mstari mmoja uko nanomita 22 hivi kutoka kwa jirani yake. Ukipitisha mkondo kwenye waya, nguvu ya Lorentz, yaani msukumo kati ya mkondo na uga wa sumaku, huisukuma mistari hiyo kwenda kando. Mstari unaosogea huzalisha volti, volti na mkondo huzalisha joto, na sifa ya kutokuwa na ukinzani hupotea.

Dawa yake ni kuizuia mistari isisogee. Mstari hupenda kutulia mahali ambapo nguvu ya superkondakta imepungua: kwenye chembe ya metali nyingine, kwenye mpaka kati ya punje mbili za fuwele, kwenye shimo dogo. Sehemu hizo huitwa vigingi. Kigingi kizuri kina upana wa nanomita chache tu, na vigingi vinatakiwa viwe vingi kama mistari yenyewe. Kwa hiyo kazi ya mhandisi ni kuingiza dosari kwa makusudi, za ukubwa sahihi na mahali sahihi, na wakati huohuo kuondoa dosari kubwa zinazoziba njia ya mkondo.

Alifanya nini hasa kwenye aloi ya niobiamu na titaniamu?

Hii ndiyo kazi ambayo kwa maoni yetu ina uzito kuliko zote, ingawa magazeti huandika zaidi juu ya rekodi za uga mkubwa. Aloi hiyo, yaani Nb-Ti, ndiyo waya wa karibu mashine zote za MRI zilizo hospitalini na wa sumaku kuu za LHC, kiongeza kasi cha chembe kilicho CERN karibu na Geneva.

Aloi yenyewe ina titaniamu asilimia 47 kwa uzito, na hupoteza ukinzani chini ya kelvini 9.2 hivi, yaani karibu nyuzi 264 za Selsiasi chini ya sifuri. Utengenezaji huenda hivi. Fimbo za aloi huzungushiwa karatasi nyembamba ya niobiamu tupu, huvikwa shaba, kisha hupangwa kwa mamia au maelfu ndani ya kopo la shaba. Kopo hutolewa hewa, hufungwa kwa kulehemu, hupashwa moto na kusukumwa kwa shinikizo kupitia tundu. Fimbo inayotoka huvutwa ikiwa baridi kupitia matundu yanayozidi kupungua. Njiani huingizwa tanurini, kwa kawaida mara tatu, kwenye nyuzi 375 hadi 420 za Selsiasi kwa saa 40 hadi 80 kila mara, na kati ya tanuri moja na nyingine huvutwa tena. Joto hilo hufanya chembe za titaniamu ya alfa (aina mojawapo ya fuwele za titaniamu) zijitenge kwenye aloi, hadi kufikia karibu asilimia 20 ya ujazo. Uvutaji wa mwisho huzibana chembe hizo kutoka unene wa nanomita 100 au zaidi hadi nanomita 1 au 2. Hapo zimekuwa vigingi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilifuata hatua kama hizo lakini matokeo yalipishana sana. Waya wa Tevatron, kiongeza kasi cha Fermilab kilichoanza kazi 1983, ulitakiwa kubeba ampea 1800 kwa kila milimita mraba kwenye tesla 5 na kelvini 4.2. Kundi la Wisconsin, pamoja na watafiti kutoka China waliokuwa wamepata matokeo ya juu kwa njia hiyohiyo, lilionyesha kwamba tatizo kubwa lilikuwa ndani ya aloi kabla haijafika kwenye mashine ya kuvutia: titaniamu haikusambaa sawasawa. Palipo na titaniamu kidogo, vigingi havikuota vya kutosha. Palipo na nyingi kupita kiasi, ziliota chembe za umbo baya zilizofanya metali iwe ngumu na nyuzi zikatike. Baada ya viwanda kuanza kuyeyusha aloi kwa uangalifu zaidi na kufuata ratiba ya tanuri iliyopimwa, waya wa kiwandani ulipita ampea 2750, kiwango kilichowekwa kwa ajili ya SSC, mradi wa kiongeza kasi kikubwa huko Texas, na sampuli bora zikapita 3000. SSC wenyewe ulifutwa na Bunge la Marekani mwaka 1993. Elimu ya waya ilibaki, na LHC ikajengwa juu yake: sumaku 1232 za kupinda miale, zilizosanifiwa kwa tesla 8.33 kwenye kelvini 1.9.

Karatasi ya niobiamu inayozungushiwa fimbo ni ya nini?

Ukiiacha, shaba na titaniamu hukutana tanurini na kuunda kiwanja kigumu. Vipande vya kiwanja hicho havivutiki. Waya unapopunguzwa, uzi wa Nb-Ti hujibana pembeni mwa kila kipande na kuvimba kati ya kipande na kipande, ukawa na umbo la mkufu wa soseji. Mkondo huamuliwa na sehemu nyembamba kuliko zote, hivyo uzi wenye vigingi bora kabisa unaweza kubeba nusu ya unachostahili. Kwenye waya wa LHC kila uzi una kipenyo cha mikromita 6 au 7, na waya mmoja una nyuzi 6500 hadi 8900. Kipande cha mikromita 2 ni janga hapo.

Dosari hizo huonekanaje? Maabara hufanya nini siku kwa siku?

Kazi nyingi ni kukata, kusugua na kutazama. Kwa Nb-Ti kuna njia rahisi ambayo chuo chochote chenye maabara ya kemia kinaweza kuifanya. Chukua sentimita 3 hadi 5 za waya, uziweke kwenye asidi ya nitriki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa umevaa miwani na glavu. Gesi ya kahawia itakayotoka ni sumu. Shaba huyeyuka na maji yakawa ya buluu na kijani. Nyuzi za Nb-Ti hubaki. Zisuuze kwa maji safi mara tatu, kisha alkoholi, uziache zikauke bila kuzipapasa. Hesabu zilizokatika. Kisha ziweke chini ya hadubini na upime upana wa uzi mmoja mahali 20 au zaidi. Upana ukipishana kwa asilimia kadhaa, umepata soseji.

Kwa kutazama sehemu ya ndani, kipande cha waya husimamishwa ndani ya resini na kusuguliwa kwa msasa wa silikoni kabaidi namba 320, 600, 800 na 1200, kisha kwa unga wa almasi wa mikromita 3 na 1. Geuza sampuli nyuzi 90 kila unapobadilisha msasa na usiendelee hadi mikwaruzo ya msasa uliotangulia iishe. Kinachoharibu zaidi ni haraka: shaba laini hupakwa juu ya uzi mgumu, na picha inaonyesha mpaka ambao haupo. Kwa superkondakta za oksaidi usitumie maji, kwa sababu yanashambulia sampuli. Tumia alkoholi au mafuta mepesi.

Njia nyingine iliyokuzwa sana na kundi hili ni picha za sumaku kwa mwanga. Utando mwembamba wa ganeti huwekwa juu ya sampuli iliyopozwa, na mwanga uliochujwa hugeuka mwelekeo kulingana na nguvu ya uga chini yake. Palipo na ufa au mpaka mbovu, uga hupenya na mstari angavu huonekana. Mtafiti haambiwi tena kwamba sampuli ni mbaya; anaonyeshwa ni wapi.

Nb3Sn inatofautiana vipi na Nb-Ti?

Ina nguvu zaidi na ni dhaifu zaidi. Hupoteza ukinzani kwenye kelvini 18 na hufanya kazi vizuri kwenye tesla 12 hadi 16, lakini huvunjika kama kigae. Kwa sababu hiyo koili husukwa kwanza, wakati waya bado una niobiamu na bati vilivyotengana, kisha koili nzima huingizwa tanurini kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi kwa siku kadhaa. Baada ya hapo usiukunje.

Hitilafu ya kawaida ni bati kutoboa ukuta wa niobiamu na kuingia kwenye shaba inayozunguka. Waya bado utaonekana mzuri kwenye kipimo cha mkondo. Pima uwiano wa ukinzani wa shaba kwenye joto la chumba na kwenye baridi kali: ukianguka kutoka zaidi ya 100 hadi 20 au 10, shaba imechafuliwa, na haitaweza kuuokoa waya pale sehemu yake inapopata joto ghafla. Ratiba ya tanuri iliyorefushwa ili kupata Nb3Sn nyingi zaidi ndiyo huleta balaa hili.

Kwenye Nb3Sn vigingi ni mipaka ya punje yenyewe. Punje zikiwa ndogo, mipaka ni mingi. Mwaka 2019 kundi la Tallahassee lilionyesha kwamba kuongeza hafniamu kidogo kwenye aloi ya niobiamu na tantalamu huzuia punje kukua na kuboresha vigingi kwenye uga mkubwa.

Basi kwa nini mipaka ya punje ni adui kwenye superkondakta za halijoto ya juu?

Johannes Bednorz na Karl Alex Müller walitangaza oksaidi ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1986, na mwaka uliofuata ikapatikana YBCO, oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba, inayofanya kazi kwenye kelvini 92, juu ya halijoto ya nitrojeni kimiminika. Watu walitegemea nyaya ndani ya miaka michache. Lakini mwaka 1988 watafiti wa IBM walipima mpaka mmoja mmoja wa punje na kuona kwamba mkondo hushuka kwa kasi kubwa kadiri punje mbili zinavyotofautiana mwelekeo. Tofauti ya nyuzi chache tu za pembe inatosha kuupunguza sana.

Sababu ni kwamba kwenye oksaidi hizi hali ya superkondakta inaenea umbali wa nanomita moja au mbili tu, na mpaka wenye mpangilio mbovu wa atomi ni mpana kiasi hichohicho. Mpaka huo haushikilii tena mistari ya uga, unakata njia. Kwa hiyo utepe wa leo wa REBCO, jamii ya YBCO ambamo itriamu au metali nyingine adimu hutumika, lazima uoteshwe kwa punje zote kuelekea upande mmoja, juu ya tabaka kadhaa za oksaidi zilizowekwa kwenye utepe wa aloi ya nikeli wenye unene wa mikromita 30 hadi 100. Tabaka la superkondakta lenyewe ni mikromita 1 au 2. Juu yake kuna fedha, kisha shaba.

Na MgB2?

Kiwanja hiki cha magnesiamu na boroni kilitangazwa Japani Januari 2001 kuwa superkondakta chini ya kelvini 39. Ndani ya wiki chache kundi la Larbalestier, wakati huo likiwa Wisconsin, lilionyesha kwamba mkondo unavuka mipaka ya punje zake bila kukwama. Maana yake ni kwamba inaweza kutengenezwa kwa kujaza unga kwenye mrija, bila kupanga punje.

Viputo vya Bi-2212 viligunduliwaje, na viliondolewaje?

Bi-2212, oksaidi ya bismuthi, strontiamu, kalsiamu na shaba, ndiyo pekee ya halijoto ya juu inayotengenezwa kuwa waya wa mviringo wenye nyuzi nyingi, umbo ambalo wasukaji wa koili hulipenda. Unga wake hujazwa kwenye mirija ya fedha, mirija hupangwa na kuvutwa, na koili huchomwa kwenye nyuzi 890 hivi za Selsiasi, kiasi kwamba unga uyeyuke ndani ya fedha, ambayo huyeyuka kwenye 962. Nafasi ya kukosea ni nyuzi chache tu za joto.

Kwa miaka mingi vipande vifupi vilibeba mkondo mzuri na koili ndefu zikawa duni. Wengi walilaumu mipaka ya punje. Kundi la Tallahassee liligandisha nyaya zikiwa katikati ya kuchomwa, likazikata na kuzitazama. Unga ulijaza takriban asilimia 70 tu ya mrija. Unga ulipoyeyuka, ile asilimia 30 ya nafasi tupu ilikusanyika na kuwa viputo vyenye upana sawa na uzi mzima. Kwenye waya mfupi gesi hutoka nje kupitia ncha zote mbili. Kwenye waya mrefu hunaswa, na kaboni au unyevu uliobaki kwenye unga huongeza gesi hadi fedha inavimba na kimiminika kuvuja.

Suluhisho ni kuchoma koili ndani ya tanuri yenye shinikizo, bar 50 hadi 100, kwa mchanganyiko wa agoni na oksijeni ambamo oksijeni ni bar 1 tu. Shinikizo huiminya fedha kabla unga haujayeyuka, kipenyo cha waya kikapungua asilimia chache, na nafasi ya viputo ikafutika. Mkondo huongezeka mara kadhaa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Ukitaka kurudia jaribio hili, ziba ncha za waya kwa fedha kabla ya kuchoma na uhakikishe hakuna tundu hata dogo. Gesi ikipenya ndani, shinikizo la nje na la ndani huwa sawa na waya haubanwi.

Rekodi ya tesla 45.5 ni ya nani?

Iliongozwa na Seungyong Hahn, akiwa Tallahassee, na Larbalestier alikuwa miongoni mwa waandishi wa makala iliyotoka mwaka 2019. Koili ndogo ya utepe wa REBCO, yenye uzito wa gramu 390, iliwekwa ndani ya sumaku ya kawaida ya shaba yenye tesla 31.1 ikaongeza 14.4. Zamu za koili hazikuwa na insulesheni kati yake, wazo ambalo Hahn na wenzake walilitoa MIT mwaka 2011: sehemu ikishindwa, mkondo hukwepa kwenda zamu ya jirani badala ya kuiunguza.

Koili iliharibika, na uchunguzi wa uharibifu ndio wenye faida kwa mhandisi. Utepe ulikuwa umepinda kingoni. Chanzo ni mikondo inayozunguka ndani ya upana wa utepe ikikinzana na uga, ambayo huongeza nguvu upande mmoja. Kingo zilizokatwa kiwandani wakati wa kugawa utepe mpana zilikuwa na nyufa ndogo, na nyufa hizo zikaenea. Hesabu ya kawaida ya mkazo, yaani uga mara msongamano wa mkondo mara nusu kipenyo, haioni jambo hili. Kwa mfano, tesla 20, ampea 400 kwa milimita mraba na nusu kipenyo cha sentimita 10 hutoa megapaskali 800, namba ambayo aloi ya nikeli inaweza kuibeba. Lakini ukingoni mkazo halisi ni mkubwa zaidi.

Usichanganye rekodi hii na sumaku ya tesla 32 ya maabara hiyohiyo, iliyofika uga wake kamili Desemba 2017. Hiyo ni ya superkondakta tupu na ilijengwa kwa ajili ya watafiti kuitumia.

Ninawezaje kupima mkondo kikomo wa utepe wa REBCO kwa vifaa vichache?

Mkondo kikomo ni mkondo mkubwa kabisa ambao utepe hubeba bila ukinzani. Unahitaji utepe wa upana wa milimita 4 wenye urefu wa sentimita 15, chanzo cha mkondo cha ampea 200, voltmita inayosoma mikrovolti 0.1, na lita 5 za nitrojeni kimiminika.

Lehemu kila ncha kwenye kipande cha shaba kwa urefu wa sentimita 3, kwa lehemu ya bati na risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 183. Usizidishe nyuzi 230 wala usikawie: oksijeni ikitoka kwenye REBCO, utepe umekufa. Lehemu nyaya mbili nyembamba za volti, umbali wa sentimita 5, kila moja ikiwa angalau sentimita 1.5 kutoka kwenye kipande cha shaba. Zisokote pamoja hadi kwenye mita. Funga utepe kwenye ubao wa faiba upande mmoja tu, ili uweze kusinyaa bila kujivuta.

Shusha taratibu kwenye nitrojeni na usubiri mchemko utulie. Soma volti mkondo ukiwa sifuri na uitoe kwenye vipimo vyote. Hiyo inatoka kwenye tofauti ya joto kwenye viungio. Panda kwa hatua za ampea 5, kisha ampea 1 volti inapoanza kuinuka. Kigezo ni mikrovolti 1 kwa sentimita, kwa hiyo hapa ni mikrovolti 5. Usipite 20. Volti ikipanda kwa mstari ulionyooka tangu mwanzo, nyaya zako ziko karibu mno na viungio au utepe una ufa. Ikipanda na kuendelea kupanda bila kugusa mkondo, kiungio kinapata joto.

Andika shinikizo la hewa la siku hiyo. Mombasa au Dar es Salaam nitrojeni huchemka kwenye kelvini 77.3 hivi. Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1700, huchemka kwenye 75.8, na utepe uleule utakupa mkondo mkubwa zaidi kwa asilimia kumi au zaidi. Wawili wakilinganisha vipimo bila kujua hili watabishana bure.

Fungua madirisha. Lita moja ya nitrojeni kimiminika hutoa karibu lita 700 za gesi, na mtu hapati dalili kabla ya kuzimia.

Nisome nini nikitaka kuingia kwenye fani hii?

Uhandisi mitambo, uhandisi wa umeme, fizikia au sayansi ya metali, vyote hufikisha. Kinachowatofautisha wanafunzi ni mikono: anayeweza kuandaa sampuli, kulehemu bila kuharibu, na kusoma michoro ya mchanganyiko wa metali anapokelewa haraka. Jifunze pia kuandika programu ya kukusanya vipimo.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Upo kwenye madini. Kilima cha Mrima huko Kwale kina niobiamu pamoja na madini adimu, Panda Hill karibu na Mbeya kina niobiamu, na Lueshe huko Kivu Kaskazini iliwahi kuchimbwa. Hata hivyo karibu tisa ya kumi ya niobiamu ya dunia hutoka Brazil, na sehemu kubwa huishia kwenye chuma cha ujenzi na mabomba. Ili ifae kwa waya, lazima iyeyushwe kwa miale ya elektroni ndani ya ombwe, na mgodi peke yake haukupi kiwanda hicho. Madini adimu nayo yasikutie matumaini ya soko kubwa hapa: kilomita moja ya utepe wa milimita 4 ina gramu 40 hivi za REBCO, na itriamu ndani yake haifiki gramu 6.

Heliamu ni habari nyingine. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza uwepo wa gesi hiyo kwenye bonde la Rukwa, Tanzania, ikipanda pamoja na nitrojeni kutoka kwenye miamba ya kale iliyopashwa joto na shughuli za volkano za Bonde la Ufa. Mashine nyingi za MRI zinazotumia waya wa Nb-Ti hupozwa kwa zaidi ya lita elfu moja za heliamu kimiminika, na hospitali hulazimika kuijaza upya kila mashine inapopata kwenchi, yaani pale waya unaporudisha ukinzani ghafla na heliamu yote ikageuka gesi na kutoka kupitia bomba la paa.